Kura ya Chumvi

Mwaka 2009, kama ulitaka kuona adabu inavyoweza kumfilisi mtu, ungekuja Woolwich ukakaa kwenye mgahawa wa Jikoni kwa Mwatima, ukawatazama wateja wakila. Walikula polepole. Walikunywa maji mengi. Wakimaliza walifuta mikono, wakamwita mwenye mgahawa, wakasema, "Mashallah, Mwatima, chakula kitamu, Mungu akuzidishie." Halafu wakatoka, na hukuwaona tena.

Mimi ni Haika, Mchaga wa Machame, na adabu hizo sikuzaliwa nazo. Siku za kazi nilikuwa natunza wazee kwenye kituo kimoja kule Plumstead, na Jumamosi na Jumapili nilisimama kaunta kwa Da Mwatima, nikipokea oda na kubeba sahani. Tulijuana kituoni, enzi yeye akiwa mpishi pale. Wiki yangu ya kwanza bibi mmoja alinimwagia chai kifuani, akaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Da Mwatima alinikuta nalia chooni, akanifuta uso kwa aproni yake, akasema, "Usilie, mwanangu, kesho hakumbuki." Tangu siku ile ningemfuata popote, hata kwenye biashara isiyo na wateja.

Na tatizo la biashara yenyewe lilikuwa moja tu. Chakula hakikuwa na chumvi. Sisemi chumvi ilikuwa kidogo; haikuwepo. Ilikuwa biriani yenye iliki, mdalasini, zafarani na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka vizuri, harufu yake inakupokea tangu kituo cha basi, unameza mate njia nzima. Halafu unatia kijiko mdomoni, hola. Unatafuna karatasi yenye manukato.

Sababu nilikuwa naijua. Mumewe, Shemeji Abdulsamad, alikuwa dereva wa basi, mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Miaka michache kabla ya hapo alianguka kwenye yadi ya mabasi, kisa presha, akapelekwa hospitali na ambulensi. Daktari akamwambia apunguze chumvi. Da Mwatima hakupunguza. Aliifukuza nyumbani kama mwizi. Akapika bila chumvi, akala bila chumvi pamoja na mumewe, mpaka mkono ukasahau na ulimi ukasahau. Alipofungua mgahawa alikuja na mkono huohuo na ulimi huohuo. Na kwa kuwa Shemeji kila akitoka zamu alikuja kula palepale, kwenye meza ya dirishani, chupa za chumvi hazikuruhusiwa mezani, asije akashawishika. Niliwahi kumwona mteja, mtu mzima na ndevu zake, akitoa chumvi mfukoni imefungwa kwenye foili, anajinyunyizia huku anaangalia mlango wa jikoni.

Nilimwambia, jamani. Mimi siyo wa kukaa na neno tumboni. Nilikuwa sijamaliza hata mwezi pale nilipomwambia wazi, "Da Mwatima, biriani haina chumvi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nyie watu wa bara mwapenda chumvi kupita kiasi. Ulimi wako ndio una kasoro, Haika. Ingekuwa kweli, watu wangu wangenambia."

Watu wake. Wazanzibari wenzake wangekula hata mkeka kama umeletwa kwenye sahani, wakashukuru.

Mambo yaliharibika masika ile, Harjit alipokuja. Harjit ndiye mwenye jengo, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, na duka lake lilikuwa mlango wa pili: kadi za simu, masanduku, chaja, na rafu moja ya vyakula vya pakiti. Kiswahili chake alikitoa Kisumu na hakukifanyia matengenezo tangu hapo.

"Mama, mimi nakupenda kama dada yangu ya tumbo moja," akasema. "Lakini hii mlango yako haiingii watu. Mkataba inaisha June. Iko kijana anataka kuuza kuku hapa. Kuku inaleta watu, na watu wakikuja kwa kuku watanunua kadi kwangu. Nionyeshe watu, Mama. Ukinionyesha watu, huyo kijana nitamwambia aende."

Da Mwatima alimjibu kwa heshima, akamfungulia mlango, akarudi jikoni akakaa juu ya gunia la mchele. Alikuwa amepika jikoni za watu wengine tangu afike Uingereza. Hapa ndipo jina lake lilipoandikwa juu ya mlango kwa mara ya kwanza. Nilimwona anavyoyatazama masufuria yake, na moyo uliniuma.

Aliyekuja na dawa ni Miska, binti yao wa pekee. Miska kazaliwa huku huku, anafanya kazi kwenye ofisi ya matangazo huko mjini. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kusengenya, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Jumapili moja mchana, mgahawa ukiwa mtupu, aliweka kompyuta yake juu ya kaunta.

"You have to ask people questions, Mum," akasema.

Akatueleza. Watu wote sasa wamo Facebook. Unafungua ukurasa wa mgahawa, na humo kuna kiprogramu cha kura: unaandika swali, unaweka majibu, kila mtu anabonyeza analolitaka, na majina ya waliobonyeza yanaonekana. Mteja akiulizwa anajiona ana maana. Akijiona ana maana, anarudi. Ndivyo wanavyofanya ofisini kwao kwa wauza viatu na wauza sabuni.

"Mteja nimuulize mie?" akasema Da Mwatima. "Si ataona kazi yangu siijui?"

"Mum. Just one question."

Da Mwatima akafikiri, akajifuta mikono. "Haya, andika. Chakula cha Mwatima kikoje? Jibu la kwanza, kitamu. La pili, kitamu sana. La tatu, kitamu mno."

Miska akanitazama. Nami nikamtazama.

"Da Mwatima," nikasema, "tuweke na la nne. Kuna kitu kimepungua."

"Kipungue kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo maana tunauliza."

Akanikazia macho, kisha akakubali, maana alikuwa na uhakika hakuna atakayelibonyeza. Kwa hilo alikuwa sahihi. Haikupita wiki, waliopiga kura walikuwa wengi kuliko walioingia mgahawani tangu ufunguliwe. "Kitamu mno" iliongoza kwa mbali. Walikuwemo watu wa Leicester, Copenhagen na Muscat, ambao hata mlango wetu hawaujui ulipo. Mtu mmoja tu alithubutu kubonyeza kwamba kuna kitu kimepungua, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshabadilisha kura yake na kuandika chini kwamba anaomba radhi kwa Bi Mwatima, mumewe na ukoo mzima, simu alikuwa nayo mtoto.

"Umewaona watu wangu?" Da Mwatima akaniambia, uso umemng'aa.

Nimewaona. Mgahawani siku hiyo tulikuwa na mteja mmoja, na yule alikuwa anasubiri mvua ikatike.

Hasira zilinipanda. Nikienda kazini nawaza, nikirudi nawaza, nikimgeuza mzee kitandani kule kituoni nawaza. Watu hawa huwezi kuwauliza kama wamependa chakula, maana watakwambia wamependa. Lakini nilikuwa nimekaa nao vya kutosha kujua udhaifu wao. Mzanzibari ukimwambia nyumba yake inaungua, atakukaribisha kwanza unywe chai. Mwambie pilau haitiwi bizari nzima, atasimama. Kosea kidogo tu kuhusu chakula chao, uone kama adabu itabaki.

Nikamvuta Miska pembeni, nikamnong'oneza. Akacheka mpaka machozi, akaandika swali jipya kuhusu ule mchuzi wa Zanzibar wa ukwaju na viazi: "Urojo asili yake ni wapi?" Majibu yalikuwa matatu. Unguja. Pemba. Moshi.

Kisha nikachukua simu. Nikamwandikia Adelina, nesi wa Reading niliyesoma naye sekondari, na Anselm, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Kilimanjaro. Wachaga hatuhitaji kuelezwa mara mbili panapokuwa na mashindano, hata kama hatujui tunashindania nini. Kufika katikati ya wiki Moshi ilikuwa inaongoza, Unguja wanafuata wakihema, Pemba wako nyuma kabisa wamenuna. Anselm hakuishia kwenye kura. Aliandika kwamba bibi yake, mzaliwa wa Marangu, alikuwa akiwauzia urojo Wajerumani waliokuja kupanda mlima. Bibi yake Anselm alikufa bila kujua urojo unanyweka au unapakwa.

Simu ya mgahawa ikalia. Nikapokea mimi, maana wiki ile nilikuwa nikipita pale kila nikitoka kituoni.

"Nani kaandika urojo wa Moshi?"

Sauti niliijua. Bi Mardhiya wa Hayes, mama mtu mzima wa Kiunguja, amestaafu kutoka jikoni za uwanja wa ndege. Harusi ya Wazanzibari hapa London haihesabiki kuwa harusi mpaka yeye ameonja mchuzi.

"Ni swali tu, Bi Mardhiya," nikasema. "Watu wanapiga kura."

"Kura ya nini? Kuna mambo hayapigiwi kura! Nani wewe?"

"Haika."

"Haika wa wapi?"

"Wa Moshi."

"Nnakuja Jumamosi," akasema. "Upikeni huo urojo wenu, nije niutie macho."

Da Mwatima alipojua, alinifokea mbele ya viazi nilivyokuwa namenya. "Umeniaibisha, Haika! Mie nionekane nimewauzia Wachaga urojo wa bibi zangu?" Akaninunia mpaka Jumamosi. Nikimwomba ladu, kile kitamutamu cha kunywea chai, ananiletea bila neno, anaiweka mbali kidogo na mkono wangu.

Jumamosi, mlango haukufungika. Walikuja wa Hayes na Bi Mardhiya wao, walikuja wa East Ham, wakaja wa Milton Keynes kwa gari mbili. Wapemba walikuja kuuliza kwa nini hawakupigiwa kura. Anselm alikuja na suti, na nyuma yake Wachaga kibao wakinong'onezana urojo wenyewe ni kitu gani. Kila meza ilikuwa na kesi yake. Bi Mardhiya alimkalisha Anselm mbele yake akamuuliza bibi yake ukwaju aliutoa wapi huko mlimani, na Anselm, mwanasheria mzima, akajibu kwamba ulikuja kwa treni. Watu walicheka mpaka wakagonga meza. Harjit alisimama mlangoni mikono nyuma, anahesabu vichwa kwa macho, kila anayetoka anamwonyesha duka la kadi. Da Mwatima alinipita na trei, akanibana bega. Nikajua nimesamehewa.

Ila mimi nilikuwa naangalia vijiko. Kijiko kinaingia mdomoni. Mtu anatulia. Macho yanapanda darini, yanashuka, yanamtafuta jirani. Halafu jagi la maji. Bi Mardhiya mwenyewe, aliyekuwa amemchana Anselm vipande vipande, alionja, akasita, akaweka kijiko chini. Nikasema moyoni, sasa ndiyo sasa.

"Mwatima," akaita.

"Labeka, Bi Mardhiya."

"Urojo huu..." Watu wakageuza viti. "Urojo huu wa Unguja. Hauna shaka."

Vikapigwa vigelegele. Nilitamani kummwagia bakuli zima.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Harjit alichungulia, akaingia, akatazama viti. "Mama, wale watu wa juzi iko wapi?" Da Mwatima akapangusa meza iliyokuwa safi. Swali linaweza kumleta mtu mlangoni mara moja. Kumrudisha ni kazi ya sufuria, na hilo ofisi ya Miska haikumfundisha.

Nilimkuta jikoni ameshika mwiko na hapiki. Machozi yanamtoka bila sauti.

"Nimekosea wapi, Haika? Wasema kitamu. Wala, washukuru, na hawarudi. Kama kuna kitu, si wanambie? Mie nimewakosea nini hata wanifiche?"

"Chumvi, Da Mwatima."

"Usianze tena hayo."

Sikuanza. Nilikwenda kwa Miska nikamwambia aandike swali la tatu, neno kwa neno kama ninavyomtajia. "Umepika biriani, ukasahau chumvi. Ungetaka mgeni wako akwambie, au anyamaze?"

Da Mwatima alilisoma na miwani, akalipenda. "Hili swali la watu wazima," akasema. "Lile la Moshi lilikuwa la kihuni." Akawa wa kwanza kupiga kura: akwambie. Na wote wakamfuata. Wote! Wale waliokunywa majagi na majagi ya maji, yule wa foili mfukoni, wale wa Milton Keynes, wote wakabonyeza akwambie, kila mmoja na jina lake. Bi Mardhiya aliandika maneno marefu kwamba mgeni mwenye mapenzi husema, na kunyamaza ni kumdharau mpishi. Niliyasoma mara mbili, meno nimeyauma.

Nikaona nimewapata. Miska akatangaza kwamba Jumapili mchana waliopiga kura wote wanakaribishwa biriani, na matokeo yatasomwa palepale. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Wakishaonja, nitasimama, nitasoma majina yao mmoja mmoja na walichobonyeza, halafu nitamwambia kila mtu atimize. Tuone nani ataomba radhi kwa ukoo mzima.

Wakaja, maana biriani ya karamu haikataliwi. Harjit naye alialikwa, akawekwa katikati. Mkataba ulikuwa umebakiza siku chache na kila mtu mle ndani alishajua habari za yule kijana wa kuku. Shemeji Abdulsamad alikuwa kwenye meza yake ya dirishani, bado ana sare za kazi. Sahani zikapita, vijiko vikaanza, macho yakaanza kupanda darini. Nikajikohoza. Lakini Da Mwatima alinitangulia, kwa furaha ya kuona viti vimejaa.

"Miska, tusomee kura!"

Miska akafungua kompyuta kwenye kaunta. Akwambie walikuwa wengi, mstari mzima. Chini yake kulikuwa na anyamaze, na anyamaze ilikuwa na kura moja. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaiona. Ilikuwa imeingia asubuhi ile.

"Moja?" Da Mwatima akacheka, akageukia watu mikono kiunoni. "Ebo! Nani huyo mwoga? Mtu gani huyo, anakula kwangu anyamaze, mie naumbuka? Nisomee jina lake, Miska, leo halipi lakini chai hapati!"

Watu wakaangua kicheko. Miska akabonyeza, akatazama, akaishusha skrini kidogo.

"Nisomee."

"Mum," akasema polepole. "It's Dad."

Shemeji Abdulsamad alikuwa na kijiko njiani kwenda mdomoni. "Kwani majina yaonekana?" akauliza.

Walicheka tena, wengine mpaka wakapaliwa. Da Mwatima hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye ile meza ya dirishani.

"Baba Miska, umebonyeza kwa bahati mbaya," akasema. Alikuwa anampa njia ya kutokea, na hakuna mtu pale ambaye asingeichukua.

Shemeji akaweka kijiko. "Hapana. Nimebonyeza nilichotaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukusahau. Chumvi umeiacha kwa ajili yangu. Siku ile hospitali ulinishika mkono ukasema hunipi chumvi mpaka ufe wewe kwanza. Sasa miaka yote hii mie nije nikwambie nini, Mama Miska? Mtu anipikia nisife, nimwambie chakula hakina ladha?"

Lilikuwa limemtoka. Aliona limemtoka, akainamisha kichwa. Hapakuwa na kicheko sasa. Nilikuwa nimeshika karatasi yangu ya majina, maneno makali yote niliyoyapanga yako kichwani, nikaikunja karatasi ile nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimekuja kuwatega watu wengine, na aliyenasa ni mtu wa pekee mle ndani aliyenyamaza kwa sababu ya maana.

Da Mwatima akageuka. Hakunitazama mimi. Alimtafuta Bi Mardhiya.

"Bi Mardhiya. Umeandika mwenyewe kunyamaza ni dharau."

Bi Mardhiya alilitazama jagi, akaitazama sahani, akavuta mtandio wake mbele kidogo. "Haina chumvi, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Hata chembe. Na ule urojo haukuwa nayo."

"Wala sambusa," akasema mwingine.

"Wala mchuzi wa pweza."

"Mama, mimi kila siku nikitoka hapa nakula chips," akasema Harjit.

Basi. Likafunguka kama bomba. Walikuwa wamejaza miezi mingi, wakatoa yote siku ile moja. Chai ina majani mengi. Meza ile ya pembeni inayumba. Mlango wa choo haufungi, mtu anaimba muda wote ili watu wajue yumo. Kachori ndogo. Televisheni iko juu, inavunja shingo. Mpemba mmoja alisimama kabisa akasema Pemba haikupigiwa kura za haki, akaambiwa akae. Da Mwatima alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja kifuani, uso umemwiva. Nilidhani atawafukuza.

"Leteni sahani," akasema. "Zote."

Tukazikusanya, za watu wote, zilizoliwa nusu na zilizoguswa tu. Nikamfuata jikoni. Alikuwa ameinamia sufuria la masala, analia na kucheka kwa pamoja. Akanituma dukani kwa Harjit nikalete pakiti ya chumvi. Akatia kiganjani, akanyunyiza, akakoroga, akanipa kijiko.

"Onja wewe. Ulimi wangu siuamini tena."

"Bado, Da Mwatima."

Akatia tena.

"Bado kidogo."

Akatia kwa vidole vitatu, anaogopa mkono wake mwenyewe. Nikaonja. Nilifumba macho. Iliki ilikuwepo, mdalasini ulikuwepo, nyama ilikuwepo, kila kitu kilichokuwa kimelala mle kikaamka. Nilimkumbatia na mwiko wake.

Tulipotoa sahani safari ya pili, nilisimama nikaangalia vijiko kama kawaida yangu. Macho hayakupanda darini. Ilisikika sauti ya vijiko na pumzi za watu. Bi Mardhiya alikula akainama kabisa, hakusema mashallah hata mara moja. Anselm alilegeza tai. Harjit aliomba sahani ya pili, na kabla haijafika akatoa simu, akaongea Kipunjabi kwa kelele, akaikata. "Nimemwambia kijana kuku yake apeleke Deptford," akasema. "Mama, kesho tunaandika mkataba. Na mlango ya choo, nitarekebisha."

Da Mwatima akaitikia kwa kichwa, akarudi jikoni. Alipotoka alikuwa na sahani mbili, amezipakua kwenye kisufuria kidogo alichokiweka kando kabla hajatia chumvi. Moja akaiweka mbele ya mumewe. Nyingine akaiweka upande wa pili wa ile meza, akavua aproni, akakaa. Sikuwahi kumwona akikaa wakati wa kazi.

"Da Mwatima, onja kwanza hii ya chumvi," nikamwambia. "Ujue ulichopika."

"Watakula wao. Mie nnakula na mume wangu."

Shemeji Abdulsamad akachota, akatafuna polepole, akameza. Watu walikuwa wanawatazama wakijifanya hawatazami. Akamwangalia mkewe machoni.

"Haina chumvi," akasema.

"Najua," akasema Da Mwatima. "Kula."